Kwa nini kuna nguruwe wa shaba katikati ya mji wa Asheville?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa lori hapa Marekani, mzaliwa wa Tanga. Tangu kimbunga Helene kilipoimega barabara ya I-40 mwaka 2024, nimekuwa nikipita Asheville, North Carolina, mara kwa mara. Siku moja ya mapumziko nilitembea katikati ya mji nikakuta sanamu za shaba za nguruwe na bata mzinga, wamepangwa kama wako safarini. Mzee mmoja akaniambia hapo palipita “turnpike” ya kale. Ninavyojua mimi, turnpike ni barabara ya kulipia, kama zile zinazonikata hela New Jersey na Pennsylvania. Sasa nguruwe na barabara ya kulipia wapi na wapi? Nani aliijenga huko milimani, nani alikula faida, na mbona leo haionekani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza nguruwe na barabara ya kulipia wapi na wapi, na jibu langu ni kwamba bila nguruwe sidhani kama barabara ile ingejengwa. Wasomaji wangu wa pwani wanivumilie: leo nguruwe watapita hapa kwa maelfu, wala sina njia ya kuwakwepa.

Barabara yenyewe iliitwa Buncombe Turnpike, kwa jina la kaunti ambayo Asheville ni makao yake makuu. Jina hilo lina kisa chake. Mwaka 1820 mbunge wa huko, Felix Walker, alisimama katika Bunge la Marekani akatoa hotuba ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Wenzake walipomsihi akae chini, akasema anaongea kwa ajili ya Buncombe, yaani watu wake wa nyumbani wasikie kwamba ameongea. Tangu hapo Wamarekani wakayaita maneno matupu “bunkum”. Kaunti hiyo ikajulikana dunia nzima kwa porojo kabla haijajulikana kwa barabara.

Na neno turnpike lilitoka Uingereza. Kizuizi cha zamani kilikuwa mti wenye ncha za chuma kama mikuki, umelazwa kukata njia. Ukishalipa, mti unazungushwa, nawe unapita. Waingereza walianza kutoza njiani kwa sheria mwaka 1663. Marekani ilipopata uhuru ilikuwa na ardhi tele na hazina tupu, kwa hiyo majimbo yakaiga mtindo ule: kampuni ya watu binafsi inapewa hati na bunge la jimbo, inauza hisa, inajenga, kisha inaruhusiwa kuweka geti na kutoza kwa viwango vilivyoandikwa kwenye hati. Ile ya Philadelphia hadi Lancaster, iliyopewa hati mwaka 1792, ndiyo iliyowafungua macho wengine. Ila hiyo ilipita nchi tambarare yenye mashamba na miji. Buncombe ilikuwa milima.

Kwa kuwa wewe ni dereva, nianze na mto, maana utanielewa haraka. Mto French Broad unazaliwa ndani ya milima ya Appalachia, sehemu yake ya kusini. Badala ya kuteremkia Bahari ya Atlantiki, unakwenda kaskazini, unapita Asheville, kisha unaipasua milima yenyewe na kutokea Tennessee. Maana yake ni kwamba anayefuata kingo za mto huo anavuka safu ya milima bila kuipanda. Shida ni kwamba kingo zenyewe hazipo. Katika sehemu nyingi kati ya Asheville na mpaka wa Tennessee, genge, yaani ukuta wa mwamba, linashuka moja kwa moja majini. Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, na waliowatangulia walikuwa na njia zao za miguu, na mtu mmoja mmoja alipita. Gari la farasi ni hadithi nyingine. Novemba 1800 askofu wa Wamethodisti, Francis Asbury, alikuwa akiteremka njia hiyo. Farasi aliyekuwa akikokota kigari chao akayumba, akaanguka nacho. Asbury alipoitwa kuja kuona, akakuta kigari kimepinduka magurudumu juu, farasi na kigari wamenasa kwenye mti mmoja mchanga. Mti ule mwembamba tu ndio uliowazuia wasiishie mtoni. Aliandika hayo katika shajara yake.

Upande wa kusini mambo yalibadilika kwanza. Jimbo la South Carolina lilikuwa na fedha za pamba, na mwaka 1820 lilikuwa limefikisha barabara yake ya jimbo, kutoka bandari ya Charleston kupitia Columbia na Greenville, hadi kwenye upenyo wa Saluda mpakani. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Joel Poinsett. Ndiye huyo ambaye baadaye alipelekwa Meksiko kuiwakilisha nchi yake akarudi na lile ua jekundu la Krismasi lenye jina lake. Kwa hiyo hali ikawa hivi: barabara nzuri inapanda mlima hadi mpakani, halafu inakata. Ng'ambo ya mlima, Tennessee imejaa wakulima wenye mazao na mifugo. Katikati kuna kaunti moja maskini ya milimani, yenye maili 75 za vichochoro, kama kilomita 120.

Kijana wa Asheville aitwaye David Swain, aliyezaliwa mwaka 1801, aliingia katika bunge la North Carolina mwaka 1824, na mwaka huohuo hati ya Buncombe Turnpike ikapitishwa. Baadaye alikuwa gavana, kisha mkuu wa chuo kikuu cha jimbo kwa zaidi ya miaka 30. Waliopewa kazi ya kuuza hisa walikuwa watatu: George Swain, ambaye ni baba yake, Samuel Chunn, na James Patton. Waangalie vizuri hawa. Baba Swain alikuwa mtengeneza kofia na msimamizi wa posta. Chunn alikuwa na nyumba ya wageni. Patton alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, aliyefika Marekani mwaka 1783 akiwa mfuma nguo. Akawa mchuuzi wa kutembeza bidhaa na kuswaga ng'ombe, na mwishowe akawa mwenye hoteli Asheville. Nimesoma habari za kampuni nyingi za namna hii, na nimejizoesha kuuliza jambo moja kabla ya yote: wenye hisa wanauza nini kando ya barabara? Hapa walikuwa wanauza vitanda na chakula.

Kufikia mwaka 1828 barabara ilikuwa imekamilika, kutoka upenyo wa Saluda, kupitia Asheville, kisha kando ya mto hadi Warm Springs na mpaka wa Tennessee. Usiifikirie kama barabara kuu ya leo ya I-26. Ilikuwa njia ya udongo, pana kiasi cha gari la kukokotwa, imechongwa ubavuni mwa genge, mto ukiwa chini yako. Lakini kwa milima ile ilikuwa kama kufungua mlango. Na kwa mwenye kampuni ilikuwa na uzuri mmoja ambao kampuni za tambarare ziliutamani: huna pa kuchepukia. Kule kwingine watu walikata vinjia vya kulikwepa geti, wakawa wanapita bure. Kwenye korongo la French Broad ungechepukia wapi, majini?

Sasa nguruwe. Mkulima wa mashariki ya Tennessee alikuwa anapata mahindi mengi kuliko anavyoweza kula. Soko lilikuwa mbali, South Carolina na Georgia, kwenye mashamba makubwa ambako ardhi yote ilikuwa imepandwa pamba na chakula kilinunuliwa. Ukipakia mahindi kwenye gari la nyumbu, nyumbu wanakula njia nzima, nawe unakula, na unapofika bei ya mahindi haikurudishii hata gharama. Lakini mahindi hayohayo ukimlisha nguruwe, pamoja na njugu za mti wa chestnut alizojiokotea msituni, yanageuka mzigo unaojibeba wenyewe. Kwa hiyo kila mwaka kuanzia Oktoba hadi Desemba, baridi inapoanza na nguruwe wamenona, mahindi ya Tennessee yaliteremka kwa miguu. Wanahistoria wanakadiria nguruwe 150,000 hadi 175,000 kwa mwaka katika miaka mizuri. Juu yao kulikuwa na ng'ombe, farasi, nyumbu, bata mzinga, hata bata wa kawaida. Kila mnyama alihesabiwa getini na kulipiwa kwa kichwa.

Ukiona kundi la ng'ombe likiswagwa kwenda mnadani Pugu unadhani umeona mifugo barabarani. Nguruwe ni kazi nyingine kabisa. Ng'ombe wanamfuata kiongozi; nguruwe kila mmoja ni kiongozi. Kwa kawaida aliwekwa mswagaji mmoja kwa nguruwe kama 100, anatembea nyuma na kiboko, anapiga kelele siku nzima. Nguruwe mkorofi aliyezoea msitu, anayekimbia kila anapoona upenyo, aliweza kushonwa kope kwa uzi. Akiwa haoni, alifuata sauti na harufu ya wenzake, na kule mwisho wa safari uzi ulikatwa. Ni ukatili, lakini wao waliuona kama kifaa cha kazi tu. Bata mzinga walikuwa na ushindani wa aina yake: giza likianza kuingia, wanaruka juu ya miti kulala, na hakuna nguvu duniani itakayowashusha. Matawi yalivunjika kwa uzito wao. Mswagaji wa bata mzinga alilala pale bata walipoamua.

Nguruwe hatembei zaidi ya maili 8 hadi 10 kwa siku, yaani kilomita 13 hadi 16. Ukimkimbiza anakonda, na akikonda umepoteza hela. Kwa hiyo kumaliza urefu wa turnpike peke yake ni zaidi ya wiki, na kila jioni maelfu ya midomo inataka mahindi. Hapa ndipo faida yenyewe ilipokuwa. Kila maili chache kando ya mto palijengwa nyumba kubwa yenye mazizi mengi yaliyozungushiwa uzio. Vituo hivi waliviita “stand”, neno lilelile ambalo sisi tumeligeuza stendi, na kazi yake haikuwa tofauti sana na stendi unayoijua: kushusha, kulisha, kulaza, kuondoka alfajiri.

Jaribu kuiona jioni ya Novemba katika stendi ya namna hiyo. Makundi yanafika moja baada ya jingine, na kila kundi linapewa zizi lake ili nguruwe wasichanganyike, maana wakichanganyika mtagombana hadi asubuhi. Magari ya mahindi yanapita kati ya mazizi, na mahindi yanatupwa ndani yakiwa na magunzi yake. Tope limefika kwenye vifundo. Wenye mifugo wanakula mezani na kupata kitanda. Waswagaji wanalala chini katika chumba kikubwa, wamejipanga kuzunguka moto, miguu imeelekea kwenye jiko, nguo zinafuka mvuke. Sihitaji kukuelezea harufu.

Malipo yalikwenda kwa mtindo ambao mfanyabiashara yeyote wa kwetu angeutambua: mali kauli. Mwenye mifugo akiwa anateremka hana fedha, ana nguruwe tu. Analishiwa, analazwa, deni linaandikwa. Akishauza South Carolina anarudi na fedha taslimu, analipa stendi moja baada ya nyingine hadi nyumbani. Mwenye stendi naye hakulima mahindi yote yale. Aliyapata kwa wakulima wa mabonde ya jirani, ambao mwaka mzima walikuwa wamekopa dukani kwake chumvi, kahawa, sukari na vyuma. Vuli ikifika wanaleta mahindi, deni linafutwa, mengine yanaanza. Mkulima mdogo wa Buncombe angeweza kupitisha mwaka mzima bila kushika noti, huku daftari la stendi likimhesabia kila gunzi. Ndiyo maana ukiniuliza nani alikula faida, nitakuambia usilitazame geti sana. Ushuru ulitunza barabara. Utajiri ulikuwa kwenye daftari.

Wenye stendi wenyewe walijua, na walitambiana. Stendi moja ilikuwa Lapland, ambayo leo ni mji wa Marshall, ya David Vance. Nyingine ilikuwa ya Hezekiah Barnard, maili chache mbele kuelekea Tennessee. Barnard alipenda kusema kwamba Vance amelisha nguruwe 90,000 kwa mwezi mmoja, lakini yeye katika mwezi huohuo kalisha 110,000. Tufanye hesabu. Nguruwe 110,000 kwa siku 30 ni zaidi ya 3,600 kila usiku. Ukikumbuka kwamba msimu mzima ulikuwa na kama 150,000 na ushee, utaona Barnard ametia chumvi, na si kijiko kimoja. Ila hata ukikata nusu, ni nguruwe 1,800 kwa usiku kwenye kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya mto na mlima. Na ona kwa nini walishindana: stendi zilikuwa karibu kiasi kwamba kundi lililolala kwa mmoja lilimpita mwenzake mchana, bila kununua kitu.

Mtoto wa Vance, Zebulon, alikulia katika biashara hiyo, akafanya ukarani katika hoteli ya Warm Springs, na baadaye akawa gavana wa North Carolina wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, upande wa majimbo yaliyopigania utumwa. Nguruwe wako wa shaba walikaa miaka mingi jirani na mnara mrefu wa mawe uliojengwa kwa heshima yake, ambao mji ulianza kuubomoa mwaka 2021.

Na kwa kuwa nimeutaja utumwa, nisiupite haraka. Nyama iliyoteremka ile ililisha mashamba ya pamba na mpunga, na sehemu kubwa ikawa posho ya watu waliotumikishwa humo, nyama ya nguruwe ya chumvi na unga wa mahindi. Hoteli za akina Patton ziliendeshwa kwa jasho la watumwa: waliopika, waliofua, waliotunza farasi. Na juu ya barabara hiyohiyo walipitishwa watu waliouzwa kutoka majimbo ya kaskazini kwenda kusini. Vitabu vya utalii vya huko hupenda sana nguruwe na bata mzinga, maana wanachekesha. Mimi naona ni barabara moja.

Kulikuwa pia na wasafiri wa kupanda, sio wa kuteremka. Matajiri wa Charleston waliokimbia joto na malaria walikuja kiangazi na magari yao ya kifahari, wakajenga majumba Flat Rock, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820. Wengine waliendelea hadi Warm Springs, kuoga katika chemchemi za moto na kulala katika hoteli kubwa yenye nguzo nyeupe 13, moja kwa kila koloni la mwanzo la Marekani. Kiangazi vitambaa vya hariri, vuli nguruwe. Barabara haikubagua, ilitoza wote.

Mbona leo haionekani? Ilikufa kidogo kidogo, kisha ikafa ghafla. Mwaka 1851 kampuni nyingine ilipewa hati ya kutandika mbao kwenye kipande cha Asheville kwenda Greenville, mtindo uliokuwa umeshika kasi Marekani wakati huo. Gari liliteleza juu ya mbao bila tope, lakini mbao huoza. Vita vikafuata, mashamba ya kusini yakavunjika, na mnunuzi mkubwa wa nguruwe akatoweka. Mwisho lilikuja treni. Reli ilifika Asheville Oktoba 1880, ikijengwa mlimani na wafungwa, wengi wao wanaume weusi, na zaidi ya 100 walikufa katika kazi hiyo. Halafu mwaka 1882 ikafika Warm Springs na kuunganishwa na Tennessee. Nguruwe akipanda behewa anafika kwa siku moja bila kupungua ratili. Nani atamtembeza?

Na hapa ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Korongo lile lina nafasi ya njia moja tu kando ya maji. Wajenzi wa reli hawakutafuta mahali pengine. Sehemu nyingi walitandaza mataruma juu ya turnpike yenyewe. Ukisimama Marshall ukaona treni la mizigo likipita kati ya mto na majengo, unaitazama Buncombe Turnpike, imevaa chuma. Helene ilipofurisha French Broad mwezi Septemba 2024, maji yalipanda hadi ndani ya maduka ya Marshall, palepale Vance alipokuwa na mazizi yake.

Ukitaka kuona kitu cha enzi ile ambacho hakijafunikwa, itabidi uvuke mpaka uingie South Carolina, kaskazini mwa Greenville. Daraja la Poinsett la mwaka 1820 bado limesimama, upande ule barabara ya jimbo ilipokuwa inapanda kuja kukutana na turnpike. Ni la mawe, urefu kama mita 40, na tao lake limechongoka juu kama dirisha la kanisa la kale, kijito kinapita chini. Liko kwenye kinjia chembamba cha msituni, kwa hiyo lori liache mbali, uombe mtu gari dogo.